Kufuli la Mlango wa Nyuma

Msikilizaji, upepo wa Turkana unaujua. Sokoni Kakuma, jenereta, petroli ya chupa na mtungi wa gesi vyaweza kukaa chini ya paa moja la mabati. Cheche ikiruka, gari la zimamoto likilazimika kutoka Lodwar lina zaidi ya kilomita 100 za kusafiri. Kwa hiyo wokovu wa kwanza ni mpango wa wafanyabiashara wenyewe.

Sheria ipo. Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za mwaka 2007 zinataka zoezi la kuwatoa watu mahali pa kazi angalau mara moja kila mwaka. Lakini kanuni kwenye karatasi haitoshi: Januari 2009, moto wa duka la Nakumatt Downtown, Nairobi, uliua watu zaidi ya 20.

Mwajiri ajiulize: nini chaweza kuwaka, na watu watatokea wapi mlango wa mbele ukishika moto? Wengi hufunga wa nyuma kwa kufuli wakihofia wezi. Hofu hiyo ni halali, lakini komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo humzuia mwizi bila kumfungia mfanyakazi. Na wafanyakazi wakishatoka, wakusanyike upande unakotoka upepo.

Kaunti na mashirika yanayoajiri wengi yaanze: yatangaze tarehe ya zoezi lao.