Kazi ya Mkata Miti



Hapa Wote, mtu akitaka kuuza mukau au mti mwingine wa mbao humwita mkata miti, naye hupatana bei mti ungali umesimama. Akikuta ndani mna uwazi, hasara ni yake. Hayo tumeyazoea, wala siyanung'unikii.

Kazi yenyewe haianzi kwa shoka. Kwanza mti hutazamwa: umeinamia wapi, matawi mazito yako upande gani, upepo watoka wapi. Kisha hufyekwa njia ya kukimbilia, nyuma, kwa mshazari. Ndipo hukatwa pengo upande wa kuangukia, na msumeno hupitishwa upande wa pili, juu kidogo ya pengo, ukiachwa ukanda usiokatwa ufanye kazi ya bawaba. Kijana mwenye haraka huumaliza ukanda huo wote, na hapo mti hauna bwana tena.

Ninalowaletea ni hili. Sheria ya majeraha ya kazini ya mwaka 2007 yamtaka kila mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake. Lakini kijana wa msumeno huchukuliwa kwa kutwa, bila karatasi. Akivunjika mguu, mwenye shamba humtazama mkandarasi, mkandarasi naye humtazama mwenye shamba, na mchango huletwa kwetu. Basi naomba wazee wasishuhudie mauzo ya mti wa mwanachama yeyote pasipo mkataba ulioandikwa, wenye kutaja ni nani atakayemgharamia majeruhi. Nao utiwe sahihi kabla ya shoka kugusa gome.