Watoto wa Mpakani na Elimu ya Kumjua Binadamu

(Hotuba kwa viongozi wa walei, Tunduma)



Tumeombwa tueleze kwa nini tunataka kuitumia tena likizo ya Juni kuwakusanya watoto wa darasa la tano hadi kidato cha pili, asubuhi hadi alasiri, wajifunze anthropolojia, yaani elimu ya kumchunguza binadamu jinsi anavyoishi na wenzake. Baadhi yenu mmesema kwamba watoto hao wangefaidika zaidi na hesabu. Hatuidharau hesabu. Lakini twaishi katika mji ambamo Mnyamwanga, Mnyiha, Mndali, Mnyakyusa na Mfipa hupanga nyumba moja, na watoto wetu hujua kutukanana kwa makabila kabla hawajajua kuulizana habari. Mtoto avukaye kutoka Nakonde kuja kununua sukari huitwa mgeni, hata kama ni Mnyamwanga sawa na huyo anayemwita hivyo. Mpaka huo una asili yake katika mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890, uliotiwa sahihi Berlin. Wanyamwanga hawakuulizwa neno. Mkoa wetu wa Songwe nao ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 tu. Wengi wa watoto hao wauzidi umri.

Yatupasa tukiri kwamba mara ya kwanza tulikosea. Tuliandika maswali sisi wenyewe, tukawagawia watoto karatasi, tukawatuma kwa wazee kama makarani wa sensa. Msichana mmoja aliongeza swali lake. Alimwuliza bibi mmoja, mbele ya majirani, mbona macho yake ni mekundu. Bibi akanyamaza, akaingia ndani. Nyote mwafahamu uzito wa swali hilo. Katika nchi yetu wako wanawake wazee waliouawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, nayo macho hayo yalikuwa yameharibiwa na moshi wa miaka mingi jikoni.

Tulitaka kuifunga kambi siku ile ile. Kesho yake msichana yule alirudi kwa bibi bila karatasi, akaomba radhi, akakaa naye kutwa, akichochea kuni mbichi chini ya chungu cha maharage. Aliporejea kwetu alasiri, macho yake yalikuwa mekundu. Wenzake walimcheka, kisha wakaacha kucheka. Hatukuwa na somo jingine la kutoa siku ile.

Hiyo ndiyo njia ya elimu hii: kukaa na watu, kufanya kazi yao, kujifunza lugha yao, na kuchelewa kuhukumu. Jirani zetu wa Rungwe walichunguzwa hivyo kati ya mwaka 1934 na 1938, na Godfrey Wilson na mkewe Monica, wakisaidiwa sana na Leonard Mwaisumo, mwenyeji aliyewafasiria mengi. Katika kitabu chake cha mwaka 1951 Monica alieleza jinsi wavulana wa Kinyakyusa wa miaka kumi au kumi na mmoja walivyoondoka katika boma la baba, wakajenga vibanda pamoja na wa rika lao, huku wakiendelea kula kwa mama zao. Baadaye walioa wakabaki papo hapo, na vibanda vile vikawa kijiji kamili cha watu wa rika moja. Tulipowasimulia watoto habari hiyo, hawakusadiki. Walituuliza ni nani aliyekuwa akiwaamsha asubuhi. Kisha mvulana mmoja akauliza kama babu yake aliishi hivyo, akaenda kumwuliza. Kwa hakika tungefurahi kama wazazi nao wangeulizwa mara kwa mara.

Safari hii twataka pia kuwapeleka Mbozi, wakione Kimondo, pande la chuma kutoka angani lenye uzito wa tani nyingi. Wageni husoma kibao, hupiga picha, huondoka. Sisi twataka watoto wakae na wazee wa Kinyiha, kwa maana Wanyiha waliyeyusha chuma kwa mawe ya nchi yao, katika tanuru za udongo, muda mrefu kabla ya majembe ya dukani kufika.

Tunaloomba kwenu si fedha nyingi. Kila jumuiya itoe mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, aliye tayari kukaliwa na watoto siku nzima pasipo kuwafukuza, na debe la mahindi na maharage kwa makande. Wazazi wa Nakonde wapewe habari mapema, maana watoto wao nao wamealikwa. Kambi itaanza Jumatatu ya pili ya likizo. Mtoto aje na daftari moja na kalamu ya risasi. Karatasi za maswali hatutagawa.