Mkono au Mashine? Juu ya Kufufua Rangi ya Motokaa Iliyochakaa

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama wafanyao kazi katika gereji)



Tumeombwa tuzungumze leo juu ya kazi ambayo wengi wenu mwaifanya kila siku, yaani kuirudishia mng'aro motokaa ambayo rangi yake imekufa kwa kuachwa juani. Katika kila gereji hoja ni hiyo hiyo. Wazee wasema kazi safi ni ya mkono. Vijana wasema mashine ndiyo iletayo pesa. Matajiri hawasemi neno, wao wahesabu tu motokaa zitokazo mlangoni jioni. Sisi hatukuja kuamua nani mshindi. Twataka kila mwanachama ajue kazi ipi yafaa mkono, ipi yafaa mashine, na kazi ikiharibika ni nani apaswaye kulipa. Hilo la mwisho ndilo kubwa, nalo tutalifikia.

RANGI HUFA NAMNA GANI

Jua letu hapa karibu na Ikweta ni kali. Mwangaza wake huivunja ile gundi ishikayo rangi, kisha hewa na mvua humalizia. Motokaa nyekundu hugeuka kama waridi, na ya buluu huwa kama imepakwa majivu. Pwani kuna chumvi ya bahari. Nairobi kuna utomvu wa miti na mavi ya ndege. Na kwenye barabara za marram kuna vumbi ambalo hukwaruza rangi kila mtu apangusapo kwa kitambaa kikavu.

Yafaa tujue kwamba rangi ni za namna mbili. Ya kwanza ni ile ya zamani, ambayo ni rangi tupu kutoka juu hata chini. Ya pili ni rangi iliyofunikwa na klia, yaani tabaka isiyo na rangi ambayo ndiyo ing'aayo. Namna hii ilienea viwandani tangu miaka ya 1980, na motokaa nyingi zilizotumika ambazo hushushwa Mombasa kutoka Japani ni za namna hii. Kuzitambua si vigumu. Chukua kitambaa cheupe na kompaundi kidogo, sugua mahali pasipoonekana. Kitambaa kikishika rangi ya motokaa, hiyo ni ya zamani. Kikibaki na rangi ya kompaundi yenyewe, basi unasugua klia.

Na klia, ndugu, ni nyembamba sana. Ukiigawa milimita moja mara 1000, klia ya kiwandani kwa kawaida ni kama vipande 40 au 50 tu. Kwa kawaida ni nyembamba kuliko unywele mmoja wa kichwa. Kila usuguapo unaondoa kidogo, na kilichoondoka hakirudi. Tena ile dawa ya kuzuia jua imo ndani ya klia hiyo hiyo. Mtu aisuguaye sana ili ing'ae leo, aiacha uchi mbele ya jua la mwaka ujao.

Kuna rangi isiyofufuka. Ukiona klia imebambuka kama ngozi ya nyoka, usipoteze jasho lako. Mkono hautaiponya wala mashine haitaiponya. Dawa yake ni kupakwa upya. Mwambie mwenye motokaa neno hilo kabla hujaigusa, wala si baada.

KABLA YA KUSUGUA

Osha motokaa kwa maji mengi na sabuni. Kisha pitisha ule udongo laini wa kusafishia rangi, pamoja na maji ya sabuni, mpaka kiganja kikipita kisihisi chenga. Fundi arukaye hatua hii huusaga mchanga ndani ya rangi, na baadaye hulaumu kompaundi.

Halafu jaribu mahali padogo, si pakubwa kuliko karatasi hii mnayosoma. Anza na polishi laini. Ikishindwa, ndipo uongeze ukali. Dawa kali iwe ya mwisho, kwa maana haraka haraka haina baraka.

KAZI YA MKONO

Mkono una faida ambazo mashine haina. Hauchomi rangi, kwa sababu joto lake ni dogo. Huingia pembeni, chini ya vishikio vya milango, kando ya taa na kuzunguka maandishi ya kiwanda. Kwa motokaa kuukuu yenye rangi ya zamani iliyokwisha kuwa nyembamba, mkono ndio wenye huruma.

Lakini usisugue kwa ncha za vidole, maana vidole hukandamiza mahali pamoja na kuacha mifereji. Shika kipande cha sponji, ukamilishe eneo dogo, kisha uhamie jingine. Geuza kitambaa mara kwa mara, na kikianguka chini usikirudishe juu ya rangi.

Mkono una mwisho wake vilevile. Klia nyingi ni ngumu, na mkwaruzo uliozama hautoki kwa mkono hata usugue mpaka usiku. Boneti moja yaweza kula asubuhi nzima, na motokaa nzima yaweza kupita siku moja. Tena kompaundi nyingine zimetengenezwa zisagike kwa mwendo wa mashine. Ukizitumia kwa mkono huacha ukungu tu. Mwenye kulazimishwa kufanya kwa mkono kazi ya mashine, kwa muda wa mashine, huyo anaonewa.

KAZI YA MASHINE

Mashine nazo ni mbili. Moja huzunguka tu kama jiwe la kunolea. Hiyo yaweza kuzunguka mara 600 hata 3,000 kwa dakika, nayo ina nguvu nyingi. Ya pili huzunguka huku ikitikisika, na ukiikandamiza sana huacha kuzunguka. Ya pili ni ya polepole zaidi, lakini husamehe. Mwanafunzi aanze na hiyo.

Atumiaye ile ya kwanza ashike mambo haya. Tandaza kompaundi kwa mwendo mdogo kabisa, kisha panda kama 1,200 au 1,500. Si mara nyingi utahitaji kupita 1,800. Pedi ilale sawasawa juu ya bodi. Usisimame mahali pamoja hata kwa nukta chache. Funika kingo zote kwa utepe wa karatasi, kwa maana rangi hukimbia ukingo inapokauka, na hapo ndipo ilipo nyembamba kuliko kote. Bampa za plastiki hazipitishi joto kama bati, basi hupata moto upesi na kuharibika. Gusa bodi kwa mkono kila mara. Ikiwa ya moto hata mkono hautulii, pumzika.

Mashine hii huacha alama za mizunguko ambazo hazionekani ndani ya gereji. Toa motokaa juani nawe utaziona kama utando wa buibui. Ziondoe kwa pedi laini na polishi laini kabla mwenyewe hajaziona. Mwisho paka nta, na nta hiyo ipakwe kwa mkono.

Basi mwaona kwamba wazee na vijana wote wana haki. Mashine ifungue njia mahali palipo pana, yaani boneti, paa na milango. Mkono umalize pembe, kingo na nta. Fundi kamili ni yule ajuaye vyote viwili.

MWILI WAKO SI PEDI

Mashine ya kutikisika yatikisa na mikono. Mtu akiishika saa nyingi, miaka mingi, vidole huanza kufa ganzi na kugeuka vyeupe kwenye baridi, na madhara hayo yaweza yasipone. Basi kazi igawanywe kwa zamu, pawe na mapumziko. Rangi kuukuu, hasa nyekundu na za manjano, huenda zina risasi. Msipige msasa mkavu juu yake bila kujifunika pua na mdomo, bali tumieni maji. Lakini maji na stima ni maadui. Waya upite begani, usilale katika maji, wala usiwe umechubuka. Macho yafunikwe, mikono ya nguo ifungwe.

Vifaa hivyo si zawadi ya tajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga pale penye vitu vya kudhuru, tena atoe mafunzo na usimamizi ufaao.

NANI ALIPE?

Sasa twafika kwenye neno kubwa. Kijana mmoja, mwanachama wetu, alipewa mashine ya kuzunguka asubuhi, wala hakuonyeshwa jinsi ya kuitumia. Kufika saa nane mchana amechoma ukingo wa boneti mpaka bati limeonekana. Tajiri akasema gharama yote ya kupaka upya itakatwa katika mshahara wake. Kijana alikuwa tayari kukubali, akidhani ndiyo sheria.

Sivyo, ndugu. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 yaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika, lakini ni pale mfanyakazi alipokosa kwa makusudi. Tena makato yote kwa pamoja hayaruhusiwi kupita theluthi mbili za mshahara. Aliyepewa chombo asichofundishwa hakukusudia kuharibu. Wajumbe wetu walikwenda, wakauliza swali moja tu: “Ni nani aliyemfundisha?” Hapakuwa na jibu, na mshahara haukukatwa.

Lakini wajumbe hawatakuwako kila siku. Kwa hiyo twawaomba mfanye mambo manne.

Kwanza, kabla ya kuanza, andikeni hali ya motokaa: palipobambuka, palipokwaruzika, palipopakwa zamani. Mwenye gari atie sahihi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mshahara vivyo hivyo.

Pili, asiyefundishwa mashine aseme wazi mbele ya shahidi kwamba hajafundishwa. Hiyo si aibu. Aibu ni kunyamaza.

Tatu, wazee wawafundishe vijana mkono, na vijana wawaonyeshe wazee mashine. Atakayeficha ujuzi wake ili abaki peke yake, atabaki peke yake siku ya taabu pia.

Nne, mashine ikiletwa gerejini, msiivunje wala msiikimbie. Kaeni na tajiri, mwulize: motokaa zikitoka mbili mahali pa moja, mfanyakazi ataongezewa nini? Mashine haitoi mtu kazini kwa nguvu zake yenyewe. Atoaye mtu ni mtu, na mtu yuaweza kuzungumziwa, ikiwa tutakwenda kwake pamoja.

Ndugu, motokaa iliyokufa rangi hufufuka kwa uvumilivu, na haki ya mfanyakazi hupatikana kwa njia hiyo hiyo. Mwenye swali na aulize sasa, na mwenye shida ya mshahara amwone mjumbe wake kabla ya mwisho wa mwezi.

Umoja ni nguvu.