Mzee Aliyemtazama Mbuzi



Msimu wa palizi nilikaa barazani kwa familia moja, si mbali na barabara kuu ya Dodoma. Mzee wa nyumba, mkulima wa alizeti, alikuwa kigodani tangu asubuhi. Mbuzi akaingia kwenye mahindi yake, naye mzee akamtazama tu. Alipopewa uji alikunywa. Nilipomuuliza habari za mvua alinijibu vizuri kabisa, kisha akanyamaza hadi nilipouliza tena. Majirani walisema kakata tamaa, wengine karogwa.

Nikamwomba anyanyuke. Nyayo zake zilikuwa kama zimenaswa topeni. Kugeuka tu kulimchukua hatua nane fupifupi. Nilipouliza kuhusu mkojo, mkewe aliinamisha macho.

Dalili hizo zilinifanya nishuku maji kichwani. Tukisikia maji kichwani tunamfikiria mtoto mchanga mwenye kichwa kikubwa, kama wale wanaotibiwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, au kule Mbale, Uganda, katika hospitali ya CURE. Lakini fuvu la mtu mzima limekwisha kufunga. Kichwa hakikui, vinavyotanuka ni vyumba vya ndani ya ubongo, kimyakimya.

Kila siku ubongo hutoa kama nusu lita ya maji, ilhali yaliyomo kwa wakati mmoja ni takriban mililita 150. Mengine hurudi kwenye damu. Njia ya kurudi ikizorota, vyumba hupanuka. Kwenye ukuta wa chumba cha pembeni kimejilaza kiini chenye umbo la mkia, na karibu yake hupita nyuzi zitokazo sehemu ya mbele ya ubongo. Kwa njia hiyo wazo la kumfukuza mbuzi hugeuka kuwa kuinuka na kushika fimbo. Picha za wazee wenye ugonjwa huu zimeonyesha kiini hicho kimepungua kuliko cha wazee wenye afya. Kwa hiyo mzee aweza kujua fika kwamba mahindi yanaliwa, na bado mwili usipate amri. Mwenye huzuni huumia. Huyu haumii, hata hasara yake haimgusi. Kumwita mvivu ni kumdhulumu.

Mwaka 1957, mjini Bogotá, Colombia, daktari Salomón Hakim alichota maji kidogo mgongoni mwa kijana wa miaka 16 aliyekuwa hasemi baada ya ajali. Kijana akaanza kuzungumza. Hadi leo tunapima hivyo: mgonjwa anatembea, anatolewa mililita 30 hadi 50, anatembea tena. Akipata nafuu, huwekewa mpira wa kupeleka maji kutoka kichwani hadi tumboni.

Nilimweleza mke wa mzee yote haya, na kwamba safari ya rufaa ni ndefu. Akauliza swali moja: “Akitolewa maji, atanigombeza tena kama zamani?”

Nikamwambia miguu ndiyo hupata nafuu zaidi. Ari huwarudia baadhi, na tukichelewa matumaini hupungua. Akaingia ndani kumtafutia mzee viatu.