Maziwa ya Mama Atokaye Kazini

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Sisi wa reli tukaao ng'ambo ya Likoni twavuka feri kila alfajiri kwenda kazini Mombasa, na wake zetu nao waenda mahotelini Diani au mashambani Msambweni. Leo twasema habari ya nyumbani, lakini msidhani kuwa si habari ya chama.

Mke wa mwenzetu mmoja alijifungua. Arobaini ilipokwisha akaanza kutembea kwa miguu pwani kila asubuhi ili mwili upate nguvu, kisha akarudi kazini. Mavyaa yake akamwambia, "Mwanangu, umetoka juani na jasho, maziwa yamechemka hayo. Usimpe mtoto." Akayakamua, akayamwaga. Mtoto akapewa uji mwepesi, naye hajatimiza hata miezi 4, na hali mtoto hutakiwa maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6. Akaharisha, akakonda, tukampeleka hospitali. Mungu ashukuriwe, alipona.

Hatumcheki mama mzee. Hata wataalamu waliwahi kuingiwa na shaka. Mwaka 1992 huko Marekani waliandika kuwa mama akifanya mazoezi mpaka nguvu zikamwishia kabisa, asidi ya misuli huongezeka katika maziwa, na watoto wengine huyakunjia uso. Lakini mwaka 1994 Chuo Kikuu cha California, Davis, kilitoa habari ya wanawake 33 wanyonyeshao. Baadhi yao walifanya mazoezi dakika 45 kwa siku, siku 5 kwa juma, kwa majuma 12. Maziwa hayakupungua wala hayakuharibika, na watoto wao waliongezeka uzito sawa na wenzao. Basi mama na ajifute jasho, anywe maji, ampe mtoto ziwa.

Kipunguzacho maziwa ni ziwa kukaa kutwa bila kunyonywa wala kukamuliwa. Mke wa mwenzetu hakuonyeshwa mahali pa kukamulia ila chooni! Na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yamtaka mwajiri atenge mahali, tena ampe mama nafasi isiyozidi saa 1 katika kila saa 8 za kazi, bila kukatwa mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mama likizo ya miezi 3 yenye mshahara, na baba majuma 2. Tulipoulizana kwenye feri ni nani aliyeyachukua majuma hayo, wengi tulitazama maji.

Karani wa tawi anazo karatasi zenye maneno ya sheria hizo. Mwenye mke anyonyeshaye na aichukue yake kabla hajatoka.