MBWA WA GHALA NA CHAKULA CHA KUMBIKUMBI

(Maneno ya Katibu kwa wanaushirika, Nyarugusu)

Ndugu wanaushirika,

Leo hatusemi bei ya pamba. Tunasema habari ya mbwa wa lindo. Wengine mnacheka, lakini saa nane usiku nani analinda ghala letu?

Mnakumbuka mbwa yule aliharisha miezi mizima, akabaki mbavu tu. Tulikwisha kusema auawe. Bwana mifugo akatuzuia. Kwanza alimpa dawa ya minyoo, maana minyoo huharisha mbwa wengi. Hakupona. Ndipo akatueleza kwamba wapo mbwa ambao matumbo yao hukataa chakula walichokizoea, mara nyingi nyama ya ng'ombe, kuku au maziwa. Mbwa wa namna hiyo hujaribiwa kwa chakula cha kujenga mwili ambacho hajapata kukila.

Jamani, nyama ngeni tungeitoa wapi? Tukakumbuka kumbikumbi. Mdudu naye hujenga mwili kama nyama. Huko Ulaya hufuga funza wa nzi weusi, wakatengenezea mbwa kama hawa chakula.

Basi tuliwatoa kumbikumbi mbawa, tukawakaanga bila mafuta, tukawaanika na kuwatwanga, tukachanganya na viazi vitamu vya kuchemsha. Siku ya 6 mwenzetu mmoja akamtupia mfupa kwa huruma. Tukaanza kuhesabu upya! Safari ya pili tulifika siku 14, na choo chake kikashika vizuri. Tukamrudishia mifupa ya ng'ombe kwa kupima. Siku ya pili akaharisha. Hapo tukamjua adui.

Tushike haya:

1. Mbwa akiharisha damu, akitapika, au akiwa bado mdogo, apelekwe kwa bwana mifugo siku hiyo hiyo.

2. Tusiokote wadudu penye marudio ya dhahabu yenye zebaki, wala katika pamba iliyopigwa dawa.

3. Kumbikumbi na viazi ni vya kupimia tu. Chokaa ya mifupa ni kidogo humo. Chakula cha siku zote tumwulize bwana mifugo.

4. Mbwa huyu ni wetu sote. Asipewe mfupa, maziwa wala makombo ya nyama na mtu yeyote, hata mtoto. Wazazi waambieni watoto leo hii.

Zamu ya kumlisha imebandikwa mlangoni mwa ghala. Kila mtu atazame jina lake.

Ushirika hoyee!

Katibu wa Tawi