Mkufunzi wa Nje Asishike Ufunguo
(Hotuba iliyotolewa Nanganga mbele ya wanachama wa Chama na wakulima wa ushirika)



Neno lililotukusanya ni moja. Chama chetu cha msingi cha ushirika kinataka kubadili namna ya kufanya kazi yake, na limetolewa shauri kwamba aitwe mkufunzi kutoka nje. Wako wanaosema, "Mgeni atajua nini mambo yetu?" Wako wanaosema, "Na aje upesi atutengenezee." Kila upande umeshika nusu ya kweli.

Kwanza, kwa nini mgeni? Wazee wetu walijua jibu zamani. Jandoni na unyagoni mtoto hafundwi na mzazi wake. Hutafutwa kungwi, maana yako maneno ambayo mzazi hawezi kuyasema na mtoto hawezi kuyasikia kwa mzazi. Na ushirika wetu ni hivyo hivyo. Mwenyekiti ni mjomba wa huyu, karani ni mkwe wa yule, mpima mizani ni mtani wetu sote. Nani atasimama mbele ya mjomba wake aseme, "Mizani hii siiamini"? Atanyamaza, kisha atanung'unika njiani mpaka nyumbani. Mgeni hana mjomba hapa. Yeye anaweza kuuliza, na swali lake lisivunje undugu.

Msimchanganye na mkaguzi. Mkaguzi huja hesabu zikiisha fungwa, akatafuta kosa. Mkufunzi huja kazi ikiendelea, akakaa nasi ghalani siku ya kupokea korosho, akatuuliza: kwa nini mnafanya hivi? Nani aliamua? Mkulima anajuaje?

Lakini, ndugu zangu, mgeni naye ana hatari yake. Jirani zetu wa Nachingwea waliiona. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta na wastadi wengi. Hawakujaribu kwanza katika mashamba madogo, wala mkulima aliyeijua mvua na udongo wa kwao hakuulizwa. Mwaka 1951 mpango ulikwisha, na pauni milioni 36 hivi zilikuwa zimepotea. Wastadi wale walikuja na majibu kabla ya kusikia swali.

Sasa tazameni upande wa pili, Songea. Vijana wa TANU, wakiongozwa na Ndugu Ntimbanjayo Millinga, walianzisha kijiji cha Litowa, wakaishi na kulima pamoja. Alikuja kukaa nao Mwingereza mmoja, Ralph Ibbott, kama mshauri. Kijiji hakikuwa mali yake, na mambo yaliamuliwa na wanakijiji wenyewe katika mikutano yao. Vijiji vingine vikafuata, vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, na Mwalimu Nyerere aliona hapo mfano wa ujamaa aliokuwa akiufikiri.

Lakini tuseme kweli yote, hata ikituchoma. Mwezi Septemba 1969 ni TANU yenyewe, mzazi wa Chama chetu, iliyokivunja chama kile. Viongozi wengine wa mkoa hawakukipenda, kwa kuwa kilikuwa nje ya mkono wao. Basi funzo ni mawili: wanachama wakiamua wenyewe, mshauri ni baraka, na wakubwa wasiposhirikishwa tangu mwanzo, kazi njema inaweza kukatwa siku moja.

Turudi Nanganga. Tangu msimu wa 2007/08 Mtwara inauza korosho kwa stakabadhi ghalani. Mkulima hukabidhi mzigo, kisha hungoja mnada na malipo. Katika kungoja huko ndimo shaka huzaliwa. Anaona bei ya mnada, anaona fedha aliyopata, na katikati yako makato asiyoyaelewa. Shaka hiyo ndiyo inayompeleka kwa mlanguzi wa kangomba usiku, akauza kwa kibaba. Ushirika haufi kwa adui wa nje peke yake. Hufa mwanachama akiacha kuuamini.

Kwa hiyo nashauri tumwite mkufunzi, kwa masharti manne.

La kwanza, swali tuliandike sisi, katika mkutano mkuu, kabla hajafika. Mathayo swali liwe: tufanyeje ili kila mkulima ajue makato yake?

La pili, asishike ufunguo wa ghala, wala muhuri, wala fedha. Kocha wa mpira haingii uwanjani kufunga bao.

La tatu, afuatane na vijana wetu wawili, mwanamume na mwanamke, wajifunze anavyouliza. Akiondoka, maswali yabaki.

La nne, siku ya kuondoka ijulikane siku ya kufika. Kungwi asiyetaka kuondoka nyumbani kwa mwari ana lake jambo. Arudi mara moja baada ya msimu, atazame kama tuliyokubaliana yamefanyika.

Na Afisa Ushirika pamoja na chama kikuu waarifiwe mapema, tusirudie ya Ruvuma.

Nawaomba viongozi wetu wasiogope. Anayeulizwa mbele ya watu akajibu, heshima yake huongezeka. Na nawaomba wanachama wasidhani mgeni atatubebea mzigo. Atatuonyesha ulipolegea, kuufunga upya ni kazi ya mikono yetu.

Uhuru na Kazi!